Ghostscript kwa kubana PDF za barua pepe: uzoefu wangu hapa Kigoma

Faili moja la PDF, kurasa 12, limeskaniwa kwa rangi, MB 14. Ndani mna ankara, orodha ya vifurushi na hati za mzigo unaovuka ziwa kwenda Kalemie. Ukilituma linarudi na namba 552, yaani ujumbe umezidi ukubwa unaoruhusiwa. Nikilipitisha kwenye Ghostscript linatoka na MB 3 na ushee, mihuri inasomeka na namba za kontena zinasomeka. Kwa kazi ya namna hii naipa nyota tano. Kwa kazi nyingine nyota zinapungua, nitaeleza.

Programu ni ya bure na ipo tangu 1988. Haina dirisha la kubofyabofya, unaiandikia amri, na hapo ndipo wengi wanaikimbia na kwenda kwenye tovuti za kubana. Tovuti zinafanya kazi, sikatai. Ila piga hesabu ya bando: MB 14 zinapanda, 3 zinashuka, halafu 3 hizohizo zinapanda tena kwenye barua pepe. Na kumbuka namba ya NIDA na akaunti ya benki ya mteja zimepita kwenye kompyuta ya watu usiowajua. Ghostscript inamaliza kila kitu humohumo kwenye mashine yako, hata mtandao ukiwa chini. Ishushe mara moja, iweke kwenye flashi, wagawie na wenzako.

Kwenye Windows, fungua folda yenye faili, andika cmd kwenye mstari wa juu unaoonyesha jina la folda, bonyeza Enter. Kisha:

gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf kubwa.pdf

Hapo kubwa.pdf ni jina la faili lako, na ndogo.pdf ni jina la faili jipya litakalotoka. Ikikujibu kwamba haiijui amri hiyo, mfumo haujui programu iko wapi. Andika njia nzima hadi kwenye folda ya bin iliyo ndani ya C:\Program Files\gs, ukiizungushia alama za kunukuu. Jina la faili lenye nafasi katikati nalo lizungushiwe. Kwenye Ubuntu badala ya gswin64c unaandika gs tu. Na usithubutu kuipa faili jipya jina lilelile la zamani: programu inalifuta kwanza faili lenye jina hilo kabla haijasoma kitu, unabaki na karatasi tupu na huna nakala.

Neno /ebook linashusha picha za rangi hadi nukta 150 kwa inchi. /printer inaziacha kwenye 300, /screen inazishusha hadi 72. Hiyo /screen ndiyo inayowaponza watu. Faili linakuwa dogo la kupendeza, lakini maandishi ya pembeni ya mhuri yanageuka ukungu, na tarakimu 3 na 8 hazitofautiani tena. Kwa cheti au hati ya forodha, usiiguse.

Sasa lalamiko ninalolisikia kila mara: “Nimebana na /ebook, faili halijapungua.” Sababu ni kizingiti. Kwa kawaida Ghostscript haipunguzi nukta za picha mpaka zizidi lengo mara moja na nusu. Lengo likiwa 150, picha ya nukta 200 iko chini ya 225, kwa hiyo inaachwa ilivyo. Dawa yake ni kuongeza maneno haya kabla ya -o:

-dColorImageDownsampleThreshold=1.0 -dColorImageDownsampleType=/Bicubic

Kwa kurasa za kijivu rudia yaleyale, ukiweka Gray mahali pa Color.

Faili linaweza pia kugoma kwa sababu halina picha. PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye Word, maandishi matupu, imeshabanwa tayari. Ukiipitisha huku inaweza hata kuongezeka. Kuifunga kwenye zip hakusaidii kitu. Kama Word yenyewe ina picha za simu za MB 4 kila moja, zibane humohumo ndani ya Word kabla ya kutoa PDF.

Kilichonifanya niinyime nyota: faili lenye saini ya kidijitali likipita humu saini inakufa, kwa sababu PDF inaandikwa upya. Hati za namna hiyo zitume kama zilivyo, kwa kiungo cha Google Drive.

Lakini ugonjwa wenyewe unaanzia kwenye skana. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 una pikseli 2480 kwa 3508. Kwa 600 pikseli zinakuwa mara nne, na skana nyingi za steshenari zimeachwa palepale alipoziweka mtu wa mwisho. Mwambie kijana aweke 200, kijivu, kabla hajabonyeza. Rangi iachie kurasa zenye mhuri wa bluu, maana kuna maofisa wakiona mhuri mweusi wanasema ni fotokopi.

Na ubane hadi wapi? Gmail inaruhusu MB 25, ila kiambatisho kikisafiri hugeuzwa kuwa herufi, kila baiti 3 zinakuwa 4, hivyo MB 18 zinakaribia mwisho. Seva za ofisi ni finyu zaidi: Postfix, programu ya seva za barua pepe, isipobadilishwa, inakoma kwenye baiti 10,240,000, ambazo kwa kiambatisho ni kama MB 7. Mimi nalenga MB 5, hapo sihitaji kumuuliza mpokeaji.

Yakiwa mafaili mengi, tengeneza folda ndogo uiite ndogo, kisha andika mstari huu mmoja:

for %f in (*.pdf) do gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o "ndogo\%f" "%f"

Kabla ya kutuma, fungua moja ulikuze hadi asilimia 200, usome namba ya kontena tarakimu kwa tarakimu ukilinganisha na karatasi.