TAHADHARI: Dalali anayeuza gari lililofeli ukaguzi, kisha "anakutengenezea" breki

Ndugu zangu mnaotafuta Noah au Hiace za mkononi hapa Dar es Salaam kwa ajili ya kubeba wanafunzi, someni hii kabla hamjatoa hela. Yamenikuta mimi mwenyewe, na gari nililinunua ili libebe watoto wa watu.

Dalali alinionyesha Noah namba D, bodi safi, injini imetulia. Tukakubaliana milioni 9. Kwenye mkataba kulikuwa na mstari "mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo", nikasaini. Nilipolipeleka polisi kukaguliwa ili nishughulikie leseni ya LATRA (mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini), likafeli: breki ya nyuma kushoto haishiki na hendibreki haifanyi kazi. Nikampigia dalali. Hakubisha hata kidogo, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka. "Usijali mama, lilete, fundi wangu analimaliza leo leo, gharama juu yangu."

Kweli likatengenezwa, nikarudi ukaguzi, likapita. Kesho yake fundi wake akanipigia, eti nilirudishe akaze kidogo. Nikalipeleka. Alikaa nalo saa mbili hivi, mimi nimekaa kibandani nakunywa chai.

Siku ya tano, nateremka Goba kwenda kuchukua watoto, nikakanyaga breki pedeli ikazama. Nikapampu mara tatu, ikashika chini kabisa kwa shida. Hendibreki nikavuta, hamna kitu. Nikarudisha gia ya chini, nikaliegesha kwenye tuta la mchanga pembeni. Namshukuru Mungu gari lilikuwa tupu.

Fundi mwingine, wa Ilala, alipofungua tairi la nyuma kushoto aliniita nione kwa macho yangu. Paipu ya breki ilikuwa imekunjwa kama ncha ya mrija wa juisi, ikagongwa nyundo ili mafuta yasifike kwenye silinda ya tairi hilo, iliyokuwa inavuja. Pale penye mkunjo imepasuka. Shuu, yaani vile vibao vinavyobana dramu ili tairi lisimame, zimebaki chuma, zimeshakula dramu. Yaani zile shuu, dramu na silinda zilizopita ukaguzi ziliazimwa kutoka gari lingine, na siku ya "kukaza kidogo" zikarudi zilikotoka. Bado: akachovya kidole kwenye kopo la mafuta ya breki, kikatoka chekundu. Ni oili ya giaboksi ya otomatiki. Oili ya namna hiyo huvimbisha mipira ya breki. Ya kwenye masta silinda yangu (pampu kuu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli) ilikuwa imevimba kama maharage yaliyolala kwenye maji. Ikabidi kubadilisha kila chenye mpira: masta silinda, silinda za nyuma, mipira ya kalipa za mbele, hozi zote, na kusafisha paipu. Sh 640,000, pamoja na ufundi.

Nikamtafuta mwenye jina kwenye kadi ya gari, maana halikuwa la dalali. Akaniambia aliliuza bei ya kutupa kwa sababu lilifeli ukaguzi kwa breki hizo hizo, na dalali alijua.

Kwa hiyo, ukiuziwa gari likafeli breki, usikubali kabisa fundi wa muuzaji aliguse. Dai hela yako ya matengenezo, upeleke kwa fundi wako, ukae pale pale, na spea za zamani ukabidhiwe mkononi. Tena mpigie mwenye kadi kabla hujalipa. Ni simu ya dakika mbili.

Kabla ya kununua, washa swichi bila kupiga stata uangalie dashibodi. Taa ya breki na ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukifunga breki ghafla, kama gari linao) lazima ziwake. Isipowaka, huenda mtu ameichomoa balbu, kama yangu ilivyokuwa. Halafu injini ikiwa inaunguruma, kanyaga breki ushikilie nusu dakika: pedeli ikizama polepole, kuna panapovuja au masta silinda imekufa. Ikipanda tu baada ya kupampu, kuna upepo au nyuma kumelegea. Fungua kopo la mafuta: kwenye kifuniko pameandikwa aina, mara nyingi DOT 3, na rangi yake ni maji maji au ya manjano hafifu. Ukiona jekundu, ondoka. Mwisho inama na tochi nyuma ya kila tairi, ufuate paipu kwa kidole mpaka inapoingia. Hili watu hawalifanyi kwa kuogopa kuchafuka, na ndilo lingeniokoa.

Na msidhani cheti cha ukaguzi kitawakinga. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari liwe zima likiwa barabarani, na trafiki akilikamata hamtafuti dalali, anakuuliza wewe uliyeshika usukani.

Nimefungua malalamiko polisi, ndiyo maana jina lake silitaji hapa. Simu yangu hapokei tena, lakini bado yuko mjini anauza. Kama ndani ya miezi hii umenunua Noah kwa dalali, ikafeli breki, naye akajitolea kuitengeneza bure, usiiendeshe leo. Ipandishe jeki, uanze na tairi la nyuma kushoto.