Betri au stata? Gari linalosumbua asubuhi ya baridi Mbeya

Julai Uyole, saa kumi na mbili asubuhi, unapiga stata gari linaguna "nyoo... nyoo..." ndipo liwake. Wengi hukimbilia duka la betri. Mimi nasema pima kwanza, kwa mita ya volti.

Betri nzima, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu ya chaji tu, na baridi huipunguzia nguvu wakati oili nayo imekuwa nzito. Mwambie mtu apige stata wewe ukitazama mita: ikizama chini ya 9.6, shuku betri. Ukibusti, yaani ukiazima umeme wa betri ya gari jingine kwa waya, likashika mara moja, shaka inazidi.

Stata hukorofisha kivingine. Taa za mbele hazififii, volti zipo, lakini unasikia "ta!" moja basi. Mara nyingi ni kaboni, vile vipande vya ndani ya stata vinavyopitisha umeme, zimekwisha, na kuzibadilisha ni nafuu kuliko betri mpya.

Ila fungua boneti kwanza. Langu lilinisumbua wiki mbili, fundi akanipigia hesabu ya stata nzima. Kumbe vichwa vya betri vimeota unga wa kijani. Nilichomoa waya wa hasi (−) kwanza, nikamwagia maji ya moto, nikasugua kwa brashi, nikakaza kwa spana namba 10. Likawaka.