Lenzi ndefu ya bei nafuu kwa kamera ya kwanza: ipi ianze, ipi ibaki dukani

Namba inayouza lenzi ni ile ya mwisho ya urefu wake, yaani milimita zinazoonyesha inavuta vitu karibu kiasi gani. 300 inavutia kuliko 250, na muuzaji analijua hilo. Lakini hebu pima kwa mwezi. Lenzi ya milimita 250 inauchora mwezi mpevu kwenye kihisi cha kamera (kile kibamba cha ndani kinachopokea picha) ukiwa na upana wa milimita 2.3 hivi, ya 300 inauchora kwa milimita 2.7. Kihisi chenyewe, kwa kamera nyingi za wanaoanza, kina kimo cha milimita 15 hivi. Zile 50 za ziada zimekuongezea chini ya nusu milimita, na kama mikono ilitikisika, hata hiyo nusu imeharibika.

Kwa hiyo orodha hii inatanguliza kizuia mtikisiko, kisha fokasi, kisha uzito. Urefu unakuja baadaye. Kwenye jina la lenzi kizuia mtikisiko huandikwa IS kwa Canon, VR kwa Nikon, VC kwa Tamron na OSS kwa Sony. Na kwa kuwa lenzi ya Canon haiingii kwenye kamera ya Nikon, soma nafasi hizi ukizingatia kamera uliyonayo.

1. Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM

Ilitoka mwaka 2013 na bado ndiyo tunayoitaja kwanza kwa mwenye DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani) ya Canon yenye kihisi kidogo. Ina gramu 375, inapokea filta ya milimita 58, na inafokasi kitu kilicho sentimita 85 tu kutoka kwenye kamera, kwa hiyo kipepeo na ua vimo uwezoni mwake. Mota ya STM iko kimya, jambo la maana ukirekodi video. Ukiwa na kamera ya Canon isiyo na kioo hicho, ya mdomo wa RF (sehemu lenzi inapofungwa), itafanya kazi kwa adapta ya EF kwenda RF. Ila angalia jina hadi herufi ya mwisho: yapo matoleo ya zamani ya 55-250 yasiyo na STM, na fokasi yake ni ya polepole na yenye kelele.

Usishangae pete ya fokasi isipofanya lolote kamera ikiwa imezimwa. Inaendeshwa kwa umeme; si mbovu.

2. Nikon AF-P DX 70-300mm f/4.5-6.3G ED VR

Gramu 415, fokasi ya haraka sana kwa lenzi ya daraja hili, na picha safi hata ikivutwa hadi mwisho. Ingeweza kuwa ya kwanza, ila ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kwamba kuna pacha wake asiye na VR, na tofauti pekee ya jina ni hizo herufi mbili. Nyingi za zile rahisi kupita kiasi ni huyo pacha.

Wa pili unauma zaidi. Mota ya AF-P haipatani na kamera za zamani: kwenye D3100, D3200 au D5100 lenzi itaingia vizuri, itakaza, kisha haitafokasi. D3300 na D5300 zinaikubali, ila huenda zikahitaji kusasishwa programu ya kamera kwanza.

3. Nikon AF-S DX 55-200mm f/4-5.6G ED VR II

Hii ndiyo dawa ya wenye kamera hizo za zamani. Gramu 300, inajikunja ikawa fupi, filta ya milimita 52. Mwendo wa ndege utakushinda, lakini jukwaa, uwanja wa mpira wa watoto na sura za watu inazimudu. Kumbuka tu kwamba kamera za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, hivyo lenzi iliyoandikwa AF au AF-D bila S wala P utaizungusha kwa mkono siku zote.

4. Tamron SP 70-300mm f/4-5.6 Di VC USD, ya mtumba

Ni nzito, gramu 765, na begi litalijua hilo. Lakini VC yake inashika picha kwenye kitafutio (kidirisha unachochungulia) kana kwamba umeegemea ukuta, na itaendelea kukufaa ukihamia kamera ya kihisi kikubwa. Toleo la Sony halina VC kwa sababu kamera zilizolengwa zina kizuia mtikisiko ndani yake. Usiichanganye na Tamron 70-300 ya bei ya chini kabisa yenye neno Macro: hiyo haina VC.

Kwa kamera zisizo na kioo chaguo ni fupi: Sony E 55-210mm OSS, Nikon Z DX 50-250mm VR, Canon RF-S 55-210mm IS STM. Mwenye Olympus achukue M.Zuiko 40-150mm f/4-5.6 R, ina gramu 190 tu na kihisi cha mfumo huo kinaifanya ionekane kama 300.

Ya mwisho: Canon EF 75-300mm f/4-5.6 III

Mara nyingi huja bure, au karibu na bure, ndani ya boksi la kamera. Haina IS, mbele yake huzunguka ikifokasi (filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, inakuwa usumbufu kwa kuwa inageuka nayo), na ikifika 300 picha inalegea. Kama tayari unayo, ishie 200, funga tundu la mwanga ndani ya lenzi hadi f/8 (namba ya f ikipanda, tundu linakuwa dogo) na upige kwenye jua. Kuinunua peke yake hatushauri. Vile vioo vya kufungia mbele ya lenzi vinavyoahidi kuvuta mara mbili, viache kabisa.

Kabla ya kuilaumu lenzi

Picha nyingi za lenzi ndefu zinazokosa ukali hutokana na shata (pazia linaloingiza mwanga) ya polepole. Zidisha urefu wa lenzi kwa 1.6 kwa Canon au 1.5 kwa Nikon na Sony: 250 ya Canon inakuwa 400, basi bila IS anza na 1/400 ya sekunde. Kizuia mtikisiko kinakuruhusu kushuka hadi 1/100 au chini kidogo, lakini kinatuliza mikono yako tu. Mtoto anayekimbia bado anataka 1/500 au zaidi, na afadhali ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 1600 yenye chembechembe kuliko picha iliyofutika.

Kukagua ya mtumba

Nenda na kamera yako, kadi na tochi. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma na utazame kwa pembe kutoka mbele. Punje chache za vumbi hazionekani kwenye picha. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi ni fangasi: rudisha, hata ikishushwa bei. Utando mweupe kama pumzi kwenye kioo nao unaua rangi, hasa ukielekea mwanga.

Kisha ifunge kwenye kamera, ivute hadi mwisho, piga ukuta wa matofali ukiwa umeukabili sawasawa, mara moja kwa f/5.6 na mara moja kwa f/8. Kuza picha uangalie pembe nne. Zote zikilegea kidogo kwa f/5.6 na kukaza kwa f/8, ni kawaida. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umefutika hata kwa f/8, kuna kioo kilichohama ndani, pengine iliangushwa. Mwisho bonyeza kitufe cha kupigia nusu huku ukitazama kwenye kitafutio: taswira inatakiwa itulie ghafla. Ikiendelea kuyumba na swichi ya IS au VR iko juu ya ON, kizuia mtikisiko kimekufa, na umeshikilia lenzi ya daraja la ile 75-300.