Baiskeli ya mtumba ya Kijapani hapa Mtwara mjini: uzoefu wangu

Ni zile zenye kapu mbele na fremu iliyoinama, hata mwenye dera au kanzu anapanda bila taabu. Yangu niliipata kwa shilingi 180,000, na imeshapigwa na kusi na kaskazi.

Kwa mizunguko ya mjini, mimi sibadilishani na baiskeli ya gia. Mtwara ni tambarare. Barabara zake pana tumeachiwa na Waingereza, walioupanga mji mwishoni mwa miaka ya 1940 wakitafuta bandari ya mradi wao wa karanga. Karanga ziliwashinda, barabara tunazo sisi. Natoka Chikongola mpaka Shangani bila kuinuka kitini, na kapu linameza samaki, unga na mchicha kwa pamoja. Kufuli liko palepale kwenye gurudumu la nyuma: unalisukuma, linalia "kach", unaondoka na ufunguo.

Kinachoudhi ni breki ya nyuma. Ni ya mkanda unaobana ngoma, na ikilowa inapiga yowe soko zima likageuka. Fundi akitaka kuitia oili, mkatalie. Kelele itaisha kweli, na breki nayo itaisha. Dinamo nayo ina mambo yake: kigurudumu chake kikishika tairi, ni kama umepakia mtu. Ukisimama, taa inazimika.

Mikindani inafikika, ni kama kilomita kumi, ila msimu wa korosho malori hayakuachii nafasi, na wakati wa kusi safari ya kurudi utaitolea jasho. Kwenye mchanga wa ufukweni shuka tu usukume, tairi zake ni nyembamba. Cheni ipake oili mara kwa mara, chumvi ya bahari haina huruma.

Kujaza upepo si tatizo, kwa sababu valvu ni zilezile za baiskeli za Phoenix, pampu ya fundi yeyote inaingia. Kupata tairi ndiyo kazi. Hizi nyingi ni namba 26, za Phoenix ni 28, hazivaliani. Kwa hiyo kabla hujalipa, inua gurudumu la nyuma ulizungushe uone kama rimu inayumba, kagua nyufa za tairi, halafu muulize muuzaji kama ana tairi ya akiba ya saizi hiyo. Akiwa nayo, ichukue siku hiyohiyo.