Uzoefu wangu na lenzi ya Sony FE 14mm F1.8 GM katika kupiga picha za aurora

Ninaishi Tromsø, kaskazini mwa Norwei, na katika miezi ya giza picha ninazozifuata ni za aurora, ile mianga ya kaskazini inayocheza angani usiku. Lenzi ninayoitumia ni Sony FE 14mm F1.8 GM, iliyotoka mwaka 2021, nayo nimeifunga kwenye kamera yenye kihisi cha fremu kamili. Niseme mapema kwamba kwa mtu anayeishi chini ya ukanda wa aurora kama mimi, ninaiona kuwa chaguo bora kuliko zote nilizowahi kushika. Mtu wa Oslo au Uskoti, hata hivyo, ningemshauri anunue nyingine.

Sababu kubwa ni apacha yake, yaani tundu linalopitisha mwanga, ambalo hupimwa kwa namba ya f: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 2.4 ya ule unaopita kwenye f/2.8, na wanaopiga picha za nyota huitumia tofauti hiyo kushusha ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ili wapunguze chembechembe zinazochafua picha, kwa kuwa nyota hazina haraka na kwa milimita 14 shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, inaweza kubaki wazi kwa sekunde 15 au zaidi bila nyota kuvutika sana. Aurora haina subira hiyo. Ikishachangamka, mapazia yake hujikunja na kuhama katika muda wa sekunde moja au mbili, na ukiipiga kwa sekunde 10 utapata doa la kijani lisilo na umbo, ambalo watu wasiowahi kuiona huliona zuri na wenyeji wa huku hulipita bila kulitazama. Kwa hiyo mwanga wa ziada mimi huutumia kufupisha muda. Mahali ambapo f/2.8 ingenidai sekunde 5, hapa ninapata mwangaza uleule kwa sekunde 2 na ISO ileile, na hapo ile mistari ya wima inayofuata uga sumaku wa dunia hubaki ikionekana mmoja mmoja, pamoja na ukingo wa waridi chini ya pazia unaotokana na nitrojeni. Usiku wa kawaida ninaanza na ISO 1600 na sekunde 6. Anga ikiwaka kwelikweli ninashuka hadi sekunde 1 au chini yake.

Hesabu ya aurora ina tofauti na hesabu ya nyota, na wanaolinganisha lenzi huisahau mara nyingi. Nyota ni nukta, kwa hiyo kinachoamua mwanga wake ni kipenyo halisi cha tundu: lenzi ya milimita 20 yenye f/1.8 ina tundu la milimita 11 hivi, ilhali ya milimita 14 ina tundu lisilofika milimita 8, na hivyo ile ya 20 huzitoa nyota hafifu vizuri zaidi. Aurora imetanda angani, na kwa kitu kilichotanda kinachohesabika ni namba ya f peke yake. Kwa mianga yenyewe, basi, lenzi hizo mbili zinalingana, na anayechagua kati yake anachagua upana tu.

Upana nao hutegemea mahali unapoishi kuliko kitu kingine chochote. Tromsø iko karibu na nyuzi 69.6 kaskazini, ndani ya ukanda wenyewe, na hata kipimo cha Kp, kinachoonyesha msukosuko wa uga sumaku wa dunia kwa ngazi za 0 hadi 9, kikiwa 2 aurora huweza kupita juu ya utosi. Ikifika hapo, miale huonekana kutoka sehemu moja na kutawanyika pande zote, umbo linaloitwa korona, na nyuzi 94 za lenzi ya milimita 20 hazitoshi kulibeba. Nyuzi 114 za milimita 14 zinatosha. Pale Ersfjordbotn, kwenye kisiwa cha Kvaløya, ninaweza kuweka milima ya pande zote mbili za ghuba pamoja na anga lililo juu yake katika fremu moja. Kusini zaidi aurora hukaa chini kwenye upeo wa kaskazini, na lenzi hii itaifanya utepe mwembamba, huku milima ikisinyaa na kuwa kama vichuguu. Huko milimita 20 au hata 24 itakufaa zaidi, na itakupunguzia gharama.

Uzito wake ni gramu 460. Mshindani wake wa karibu, Sigma 14mm F1.4 DG DN Art ya mwaka 2023, ana zaidi ya gramu 1,100. Niliwahi kuiazima hiyo Sigma na sina la kuikosoa kwa upande wa picha: inapitisha mwanga mara 1.65 ya hii yangu, ina swichi ya kufunga fokasi isisogee, na imetengenezewa ukingo wa kuzuia mkanda wa kupasha joto usiteleze, mambo yanayoonyesha kwamba waliounda lenzi hiyo waliwafikiria watu wanaosimama nje usiku. Lakini mimi hupanda mlima kwa miguu nikiwa na kamera shingoni, na kilo moja na ushei ya kioo mbele ya kamera ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Kwenye fokasi Sony hii inadai utaratibu. Pete yake ni ya kielektroniki na haina alama za umbali, kwa hiyo huwezi kuizungusha gizani hadi mwisho ukaamini kwamba umefika. Ninaelekeza kamera kwenye nyota angavu, Vega kwa kawaida, ninakuza picha kwenye skrini, ninarekebisha hadi nukta iwe ndogo kabisa, kisha ninabandika kipande cha utepe juu ya pete ili glovu zisiiguse. Pembe za picha huwa na giza katika f/1.8, na ukilirekebisha kwenye kompyuta chembechembe huongezeka hapo. Kuhusu nyota za pembeni kuota mabawa, suala ambalo wachambuzi hulijadili kurasa kwa kurasa, hapa halinishughulishi: lenzi hii imelidhibiti vizuri, na pazia la kijani likipita juu ya pembe hiyo hakuna atakayezichunguza nyota zake.

Kioo cha mbele kimebenuka na hakipokei filta ya kuskurubu. Kwa kazi hii hilo si hasara, kwa sababu mwanga wa kijani wa aurora uko karibu wote kwenye wimbi moja la nanomita 557.7, na filta bapa ya kinga ikiwa mbele ya lenzi huweza kuchora miduara ndani ya miduara katikati ya picha, ambayo ni vigumu mno kuifuta. Mwenye lenzi inayopokea filta aivue kabla ya kutoka nyumbani.

Ilipotoka iliuzwa takriban dola 1,600 nchini Marekani, na yangu niliinunua ikiwa imeshatumika. Asiyeziweza gharama hizo na anayekuja huku kwa wiki moja tu atafute Samyang 14mm f/2.8 ya fokasi ya mkono, avumilie ISO 3200 au 6400, na fedha inayobaki anunue tripodi nzito, maana upepo wa pwani ya huku hutikisa lenzi ya ghali na ya rahisi bila upendeleo.