Royal Palm au Bourbon Red: bata mzinga yupi kwa boma dogo?

Kwa mapambo pekee, Royal Palm hana mpinzani. Ni mweupe pe, manyoya yake yamepigwa ukingo mweusi unaong'aa, na dume akijifutua na kutandaza mkia, mgeni husahau kilichomleta. Bourbon Red ana uzuri mtulivu zaidi: mwili wa hudhurungi iliyokolea wekundu, mabawa na mkia vyeupe.

Tofauti ya kweli iko kwenye mizani. Dume kijana wa Royal Palm hufika kama kilo 7, wa Bourbon Red kama kilo 10. Anayetaka na nyama ameshapata jibu. Lakini wepesi huo una mambo yake: Royal Palm huruka uzio bila taabu na hupenda kulala juu ya mti, au juu ya paa la jirani. Kumpunguza manyoya ya bawa moja husaidia, mpaka yaote tena. Kwa upande mwingine, ni hodari wa kuwinda panzi na wadudu wengine.

Wote hupandana wenyewe, tofauti na bata mzinga weupe wa kibiashara, wa vifua vipana, wanaohitaji uhimilishaji (jike kupandikizwa mbegu na mtu), na mayai huanguliwa baada ya siku 28 hivi. Usiwachanganye na kuku: minyoo ya kuku hueneza histomoniasisi, ugonjwa wa ini unaofyeka bata mzinga.

Penye majirani karibu, ningechukua Bourbon Red, ingawa macho yangu yangebaki kwa mwenzake.