Siku mbili kwenye lodji ya kishua Ruaha, mto hauna hata tone

Aisee wakuu, nimerudi Mbeya juzi na vumbi bado liko masikioni, ngoja niwape uzoefu wangu kabla sijasahau. Shemeji yenu ana mwaka wa pili ananisumbua twende kwenye zile hoteli ndogo za porini anazoziona insta, mahema machache tu, hamna jirani, hamna mtandao, kama wale wanaolala jangwani Namibia. Nikamwambia jangwa hatuna ila hifadhi ya Ruaha mwezi wa kumi inatosha kabisa. Nikabuku sehemu moja, jina naliacha, laki sita na nusu kwa kichwa kwa usiku, na hiyo ni bei ya wakazi ambayo mpaka uiulizie mwenyewe, mwanzo walinitumia ya dola nikataka kuahirisha.

Tumetoka Mbeya alfajiri na masweta, Makambako baridi, Mafinga ndo usiseme, Iringa tukanywa chai, halafu ukishapita Kalenga kule kwa Mkwawa ukaanza kushuka kuelekea Tungamalenga, kijiji cha karibu na hifadhi, sweta linajivua lenyewe. Toka Iringa mpaka getini ni kama kilomita 130, na ile ya vumbi inatingisha mpaka meno. Keshi getini hawapokei, beba kadi.

Sasa tumefika, tumechafuka, kijana wa mapokezi ananiambia "karibu dereva, wageni wako wapi?" Nikamwambia wageni ndo sisi. Akacheka vibaya, akakimbilia taulo za baridi. Bahati yake alitokea mama mmoja wa jikoni akasema "kamwene!", salamu ya Kihehe, tukajibu kamwene, hasira ikashuka.

Hema lenyewe sina neno. Kitanda kikubwa kinatazama mto, sakafu ya mbao, umeme wa sola, maji ya kuoga wanakuja kukujazia ya moto kwenye ndoo ya juu ukiwaita, ukichelewesha sabuni yanakuishia na povu kichwani (yalinikuta). Ikifika giza huruhusiwi kutembea peke yako, askari anakuja na tochi kukupeleka kula. Chakula sasa, sahani pana kama sinia halafu katikati kuna kipande cha kuku kama cha kuonjea, mchuzi umechorwa chorwa tu. Usiku wa pili niliomba ugali, wakanipikia bila kununa, na pilipili juu.

Lakini hela yangu iliporudi ni kwenye kile kibaraza saa nne asubuhi. Mto wote ni mchanga mweupe, joto linacheza juu yake, akaja tembo jike na mtoto wake. Akasimama sehemu moja ambayo kwangu haikuwa na tofauti na nyingine, akaanza kukwangua kwa mguu wa mbele, anatoa mchanga kwa mkonga, anasubiri. Kweli anasubiri, maji yajichuje yatulie, ndo anazamisha mkonga anakunywa taratibu. Mtoto anajaribu kuingiza wake anasukumwa. Walipoondoka nyani waliokuwa wamejipanga pembeni wakashuka kwenye kile kishimo, baada yao swala. Saa nzima hakuna aliyeongea, hata sisi.

Muongozaji akatuambia kila kiangazi mto unakauka hivi tangu miaka ya 1990, maji mengi yanaishia juu huko Usangu kwenye mashamba ya mpunga, na mifugo nayo. Nikakaa kimya, maana mimi mchele wa Mbarali, huko huko Usangu, nanunua gunia zima, na mchana huo huo walitupa wali nikausifia kwa sauti kwamba huu ni wa kwetu.

Wifi ipo pale mapokezi tu na inasuasua, kwangu poa, kwa shemeji yenu ilikuwa msiba. Soda bei mbaya, ulizia kabla hujafungua.

Nitarudi? Ndio ila usiku mmoja wa kishua, mwingine nalala bandani Tungamalenga. Na nguo za bluu au nyeusi acheni nyumbani, mbung'o wanazifuata, shemeji yenu alivaa jinzi ya bluu kwa sababu ya picha na mpaka leo anajikuna.